Vipandio vya Verlin na Mizani ya Bernadine

Verlin Haugen aliendesha lori la maziwa, na kwa miaka yote aliyopeleka lile tangi kutoka zizi hadi zizi alikula jibini changa kwenye mfuko uliolala mapajani mwake kama mtoto wa kuasili. Nalisema hili mapema msije mkalalamika baadaye kwamba mlifichwa. Alikuwa mtu mpana. Hapa Wisconsin upana kama ule huitwa afya, na Januari ikija na baridi yake kila mtu anatamani angekuwa nao.

Ila huu ulikuwa mwezi wa Agosti, na Verlin alikuwa na shida isiyotibika kwa jibini. Shamba la mzee Tollefson, ambako alikuwa amewinda kulungu kwa upinde tangu enzi za kuwa na nywele, lilikuwa limeuzwa kwa daktari wa Chicago, na kitu cha kwanza daktari alichojenga ni geti. Kule shambani Verlin alikuwa na ngazi ya chuma pana kama ya kanisani, na juu yake dungu lenye kiti cha mto. Alikuwa akipanda, anakaa, anakoroma kidogo, na mara mojamoja kulungu anapita yeye akiwa amelala. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake duniani.

Sasa lilibaki pori la serikali, na kule hakuna cha ngazi ya kanisani. Msumari haupigiliwi mtini, na ukishuka unashuka na kila ulichopanda nacho. Maana yake dungu unalibeba mgongoni, na vipandio vya kulifikia unavibeba pia. Vipandio, kwa ambaye hajavitia machoni, ni ngazi iliyokatwakatwa: vipande vifupi vya alumini, kila kimoja na pa kukanyaga. Unafunga cha kwanza kwenye shina, unakikanyaga, unafunga cha pili juu yake, na kuendelea, mpaka unajikuta walipo ndege unajiuliza mkeo anafanya nini nyumbani.

Na mti alikuwa nao tayari. Ukingoni mwa kinamasi, mbali na barabara, mwaloni mmoja mweupe ulikuwa umesimama peke yake, na chini yake palikuwa na njia iliyokanyagwa mpaka imeng'aa. Verlin alimwona mwenye njia hiyo mwezi wa Julai: dume lenye pembe kama kiti kilichopinduliwa. Alirudi nyumbani hajala njiani, na Marlys, mkewe, akamshika paji la uso kuona kama ana homa.

Kwa hiyo shida ilikuwa hii tu: msimu ukifunguliwa Septemba, Verlin awe juu ya mwaloni ule. Asipokuwa yeye, atakuwa mtu mwingine. Na kukifikia kinamasi kile kulitaka mwendo mrefu na mzigo mwepesi.

Hapo ndipo ugonjwa ulipomwingia. Wawindaji wa upinde wa siku hizi wana ugonjwa wa wakia, ile sehemu ya kumi na sita ya ratili. Mtu mzima, fundi, mwenye wajukuu, utamkuta analia kwa sababu bizimu la mkanda wake lina wakia mbili za bure. Anakata ncha za mikanda. Anakata mpini wa mswaki. Wengine nimesikia wanang'oa lebo kwenye chupi, ingawa hilo sina ushahidi nalo na sitaki kuonyeshwa.

Verlin aliugua ugonjwa huo kwa moyo wote. Aliichukua mizani ya jikoni ya Marlys, ile ya kupimia unga, akaihamishia gereji, na gereji ikawa maabara. Jozi za vipandio zikalazwa sakafuni kama maiti wanaosubiri kutambuliwa. Kulikuwa na vya chuma, vya kuazima. Kulikuwa na vya alumini virefu, vitatu vinatosha mti mzima lakini ukitembea navyo vinagonga matawi na kupiga kelele kama sufuria za harusi. Kulikuwa na vya alumini vifupi, vyembamba, vyepesi kama deni la mtu mwingine.

"Vifupi," alisema shemeji yake, Gordy, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, ana chupa ya bia. Gordy ni kaka wa Marlys, na alikuwa na tabia ya kufika kila kazi inapoanza na kuondoka inapohitaji mikono. "Vifupi, lakini sasa utahitaji vingi. Vingi ni vizito. Umezunguka umerudi palepale, shemeji."

"Ndiyo maana naweka kitanzi chini," Verlin alisema, akamwonyesha utepe wa kushonwa unaoning'inia chini ya kipandio kama sikio la mbuzi. "Unakanyaga kitanzi kwanza, halafu kipandio. Unapata kimo cha bure."

"Na goti lako linapanda mpaka wapi?"

"Goti langu halikuhusu."

"Linanihusu. Likikataa huko juu, ni mimi nitakayepigiwa simu."

Verlin aliendelea kupima bizimu. Aliyatoa mabizimu yote, akaweka kamba nyembamba ngumu, za kufunga kwa fundo. Akazungushia kila chuma utepe wa kitambaa ili kisilie kikigusa mwenziwe, halafu akaona utepe una uzito, akaubandua nusu. Kisha, jioni moja Marlys akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, akachukua drili akatoboa matundu kwenye vikanyagio. Matundu mazuri, yamepangwa. Kila tundu lilitoa vumbi la alumini, na vumbi hilo Verlin alilifagia, akalipima, akatabasamu.

Kila kitu katika gereji ile kilipanda kwenye mizani. Glovu zilipanda. Kofia ilipanda. Kitu kimoja tu hakikupanda, na ndicho kilichokuwa kimeishika mizani yenyewe.

Ijumaa zote Verlin na Marlys walikwenda baa kwa Bernadine kula samaki wa kukaanga, kama binadamu wengine wote wa wilaya ile. Bernadine Wojcik alikuwa mjane mwenye sauti ya mashine ya kukata nyasi, na baa yake ndiyo iliyoendesha shindano la kulungu mzito. Nje, chini ya paa la nyuma, palikuwa na boriti, na kwenye boriti ilining'inia mizani kubwa ya mshale yenye ndoano, ya kupimia kulungu. Ndani, ukutani, palikuwa na ubao wa chaki wa majina na uzito. Na juu ya ubao mwaka ule ilining'inia zawadi: jozi mpya ya vipandio vya kaboni, vyeusi, vyembamba kama miguu ya buibui. Verlin kila Ijumaa aliomba kuvishika. Alikuwa akivishika kwa mikono miwili, anafumba macho.

"Utavifuta rangi," Bernadine alimwambia.

"Havina uzito, Bernadine. Ni kama kushika kumbukumbu ya kipandio."

"Lete dume zito uende navyo nyumbani. Sasa nirudishie, mchuzi wa tartari wa samaki umekujaa vidoleni."

Basi. Yote yangeenda vizuri kama Marlys asingetaka mizani yake. Lakini mpwa wake alikuwa anaolewa, keki ilikuwa juu yake, na Marlys si mtu wa kupima unga kwa macho. Aliingia gereji mchana wa Jumamosi, akaichukua mizani juu ya rundo la vipandio, na alipoichukua kipandio kimoja kikaanguka miguuni pake. Akakiokota. Marlys alikuwa amefanya kazi miaka mingi ofisi ya bima, na mtu wa bima akiokota kitu husoma maandishi madogo kabla hajajua ameokota nini.

"Verlin. Hapa pameandikwa kisizidishe ratili mia tatu. Mtu na vyote alivyobeba."

"Ndiyo. Mia tatu ni nyingi sana."

"Wewe una ngapi?"

"Mia mbili na hamsini."

"Nani kasema?"

"Leseni yangu ya udereva inasema."

"Leseni yako inasema pia una nywele za kahawia." Marlys alikiinua kipandio kwenye mwanga, na jua likapita kwenye matundu likamwekea madoa shavuni. "Na hii namba, waliiandika kabla hujakitoboa au baada?"

Gordy, kwenye ndoo yake, alianza kukohoa bia.

Verlin alieleza. Alieleza kwa kirefu, habari za nguvu na mgawanyo wa nguvu, mambo aliyoyaona kwenye video za vijana wembamba wenye ndevu ambao uzito wao na mabegi yao haufiki wa paja lake. Marlys alimsikiliza mpaka mwisho. Ndivyo anavyofanya kabla ya kukata.

"Sikuzuii kuwinda," alisema. "Nataka nijue tu. Utapimwa na kila kitu ulichokusudia kupanda nacho. Ukiwa chini ya mia tatu, panda, nitakufungia na sandwichi. Ukizidi, hupandi hivi. Utakaa chini na Gordy kwenye kihema chake."

Hapo mambo yalibadilika sura. Kihema cha Gordy kilikuwa cha kitambaa, cha kukaa ardhini, viti viwili, goti kwa goti. Gordy alikuwa akila mayai ya siki humo ndani. Akimaliza mayai, alikuwa akisimulia talaka yake, kuanzia mwanzo. Tena kihema chake kilikuwa upande wa pili wa pori, ambako kulungu wa mwisho kuonekana alikuwa wa plastiki, mali ya Gordy mwenyewe.

"Karibu sana, shemeji," Gordy alisema. "Nitakuwekea kiti chenye kivuli."

"Mizani ya bafuni imekufa betri," Verlin alisema haraka.

"Imekufa tangu Pasaka," Marlys alisema, "na kila nikiweka betri mpya, usiku inakufa tena. Tutakwenda kwa Bernadine."

Nani alilitangaza sijui, ingawa Gordy alikuwa na simu na kidole. Ijumaa ile uwanja wa nyuma wa baa ulijaa pikapu. Watu walitoka na sahani za samaki wakasimama wanakula, kama wamekuja kutazama fataki. Verlin alifika amevaa kila kitu: koti zito la kuwindia, buti, ile mikanda ya usalama inayopita mabegani na mapajani ili mtu akiteleza mtini aning'inie asivunjike, begi, dungu mgongoni, vipandio vimefungwa juu yake, upinde mkononi. Alitembea kifua mbele. Tangu mchana alikuwa hajala jibini, na aliamini inaonekana.

Bernadine alipitisha ndoano kwenye mkanda nyuma ya mabega yake. "Huyu tunampima na matumbo," aliwaambia watu. "Kulungu huwa tunatoa kwanza."

Walivuta kamba wanaume wanne. Verlin akapaa taratibu, buti zikaaga changarawe, akaanza kuzunguka kidogo kidogo kama taa ya duka. Mshale wa mizani ulikwenda, ukapita mia mbili, ukapita mia tatu bila hata kugeuka kusalimia, ukatulia.

"Mia tatu na arobaini na moja," Marlys alisoma.

Hakuna aliyecheka. Kimya kile kilimuuma Verlin kuliko kicheko. Alikuwa amewaza ataonekana amezidi ratili tano, sita, za koti.

"Ni vitu," alisema akiwa amewapa mgongo, maana alikuwa amezunguka. "Nina vitu vya ziada. Ngoja nitoe vitu."

Akaanza kutoa, na hapo ndipo watu walipopata chakula cha mwaka. Alitoa chupa ya kahawa. Alitoa chupa ya pili ya kahawa. Alitoa soseji nzima, ndefu, akampa Gordy bila kumtazama. Alitoa mto wa kukalia. Alitoa visu, na kila kisu kikiwa na mdogo wake. Kutoka mfuko wa ndani wa koti alitoa kipande cha jibini kilichokaushwa kwa moshi, kikubwa kiasi cha kuzuia mlango.

"Hicho ulikipima gereji?" Gordy aliuliza.

"Chakula hakihesabiwi."

"Ulikata mkanda ukapata wakia moja, shemeji. Hapa kuna jibini la ratili mbili."

"Nimesema chakula hakihesabiwi."

Begi likashuka. Koti likashuka. Dungu lenyewe, vipandio vyenyewe, vyote vilishuka kwa kamba, akabaki na mikanda, fulana, suruali, buti na upinde. Mshale ulisimama juu kidogo ya mia tatu. Watu walisogea. Hata waliokuwa wamemaliza samaki walibaki na uma mdomoni.

"Buti," mtu alishauri.

Buti zikaanguka, moja, ya pili. Mshale ulitikisika, ukagoma pale pale juu ya mstari.

Verlin aliutazama upinde wake. Aliushikilia kwa muda, kama mtu anayeaga kwenye kituo cha treni, halafu akaushusha mikononi mwa Bernadine. Mshale ukashuka chini ya mia tatu.

Marlys aliitazama mizani, kisha akamtazama mumewe akining'inia na soksi zake. "Haya, umepita," alisema kwa upole. "Panda. Huna dungu, huna vipandio, huna upinde. Kulungu akija mzomee."

Sasa watu walicheka, na Verlin, nitamsifu kwa hili, baada ya mzunguko mmoja mzima alianza kucheka pia, na tumbo lake likawa linaichezesha boriti mpaka Bernadine akaamuru ashushwe asije akavunja baa. Alipokanyaga chini, alikaa kwenye changarawe na soksi zake, akaomba samaki.

"Leseni ile," alimwambia Marlys akiwa amejaza mdomo, "walipiga picha tulipokuwa hatujaoana."

"Najua. Nilikuwepo."

"Nakumbuka niliipenda namba ile."

"Mimi nilikupenda wewe," Marlys alisema, "kwa hiyo sitaki uanguke mtini kwa ajili ya tundu la drili. Kesho unakwenda dukani kununua vipandio vya mtu wa uzito wako."

Bernadine alikuwa ameingia ndani zamani. Walipomfuata walimkuta anapuliza chaki vidoleni. Kwenye ubao wa shindano, mstari wa kwanza, palikuwa na maandishi makubwa: V. Haugen, 341.

"Futa," Verlin alisema.

"Umening'inia kwenye mizani yangu, mshale umesimama, mashahidi wapo. Sheria ya shindano haisemi lazima anayepimwa awe amekufa."

Vipandio alivyonunua Jumamosi vilikuwa viwili tu, vinene, vyenye vikanyagio vipana kama sinia na mabizimu ya chuma kama ya hatamu ya farasi. Namba yake ilikuwa kubwa kuliko yeye na jibini lake. Muuzaji, kijana mwembamba mwenye ndevu, alimwonya kwamba ni vizito. Verlin akavitwaa begani. "Mwanangu," alimwambia, "kwenye mzigo huu, vipandio ndiyo kitu chepesi."

Kwa viwili hufiki mbali. Septemba ilipofunguka Verlin alipanda mwaloni wake mweupe akakaa kimo cha bati la banda la kuku, amejifunga mikanda yake vizuri, goti limetulia. Majani yalimficha kiasi. Jibini lilikuwa limebaki nyumbani, maana kufika kinamasini na vyuma vile kulitaka dhabihu, na safari hii alijua aitoe wapi.

Na dume likaja, asubuhi na mapema, kwenye njia yake ile inayong'aa, kiti chake kilichopinduliwa kichwani. Likasimama chini ya mti, karibu kiasi kwamba Verlin aliona kupe sikioni. Alivuta upinde polepole. Mkono ulikuwa imara. Kila kitu kilikuwa imara isipokuwa tumbo, ambalo tangu anyonyeshwe lilikuwa halijawahi kuiona asubuhi bila jibini. Tumbo likanguruma. Likanguruma kwa kirefu, kwa sauti ya lori linalopanda mlima na tangi limejaa, na dume likainua kichwa likamtazama Verlin machoni, kwa kimo kile karibu walingane, kisha likaondoka kwa adabu, bila hata kukimbia.

Alirudi tena na tena vuli ile. Dume halikurudi tena. Lakini alikuwa juu ya mti, ndege wakimpitia karibu, na Gordy upande wa pili wa pori akimsimulia kulungu wa plastiki talaka yake. Hata siku moja hakulalamika.

Januari shindano lilipofungwa, madume yaliyoandikwa ubaoni yalikuwa mengi na mazuri, na hakuna hata moja lililokaribia mstari wa kwanza. Bernadine alipanda kiti, akavitungua vile vipandio vya kaboni, akampa Verlin mbele ya watu wote. Wakapiga meza. Verlin alivishika kwa mikono miwili, akafumba macho kama zamani.

Alipoyafumbua, Marlys alikuwa amekwisha kukichukua kimoja na anasoma maandishi madogo.

"Ratili mia tatu," alisema. Akakiinua kwa vidole viwili, akakizungusha, akakipima pima hewani. Marlys hana ratili mia na thelathini hata akivaa koti la kanisani na mfuko wa maandazi. "Verlin, ule upinde wako wa zamani bado uko juu ya dari?"

"Uko. Kwa nini?"

"Nimeuliza tu," Marlys alisema, akaviweka vyote vinne kwapani kama mikate, akaenda kuagiza samaki.